Chuo Kikuu Kinawajibika kwa Nani? (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulisimulia jinsi chuo cha serikali kilivyofunguliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Leo tuingie katika miaka ambayo chuo hicho, chenye mabweni yake kule Kasapa katika komini ya Annexe, kilifundishwa kumwogopa mtu mmoja.

Agosti 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya Kongo: Lovanium ya Wakatoliki mjini Kinshasa, chuo cha Waprotestanti cha Kisangani, na hiki cha kwetu. Vikawa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA. Hoja yenyewe ilipendeza masikioni: mali ya umma iwajibike kwa taifa. Lakini taifa lilikuwa chama kimoja tawala, na chama kilikuwa Mobutu. Umoja wa wanafunzi, UGEC, ulikwisha kuvunjwa mwaka 1968. Ikabaki JMPR, jumuiya ya vijana wa chama. Mkuu wa chuo alimtazama aliyemteua. Mzazi na mwanafunzi hawakuwa na mlango wa kubisha.

Hata hivyo fasihi na sayansi za jamii zililetwa Lubumbashi, wakaja vijana kutoka kila pembe ya nchi. Hapa ndipo alipofundisha mwanafalsafa V. Y. Mudimbe. Alipotakiwa kuingia Kamati Kuu ya chama, alichagua kuihama nchi mwaka 1980. Kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Afrika ilivyobuniwa kilitoka 1988, yeye akiwa ng'ambo. Hiyo ni hasara yetu, na hatujailipa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na wanafunzi wa Lubumbashi wakamwamini. Wakawasaka wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa utawala, wakawapiga. Hilo nalo lilikuwa kosa, na lazima lisemwe. Usiku wa kuamkia 12 Mei umeme ulikatwa, watu wenye silaha wakaingia mabwenini. Manusura walisimulia kwamba wavamizi waliita "Lititi". Aliyejua kuitikia "Mboka" aliachwa. Asiyejua alikuwa mikononi mwao. Serikali ilikiri kifo kimoja tu. Wengine walitaja makumi, wengine zaidi, na idadi inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa. Gavana wa Shaba, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo, alishtakiwa na kuhukumiwa; waliotoa amri wakiwa juu yake hawakuguswa.

Sasa vyama ni vingi, na Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa utafiti. Mazoea ya kutazama juu yamebaki. Tazama silabi. Katika vyuo vyetu vingi profesa huuza maandishi ya somo lake, kiranja hukusanya fedha na kuandika majina ya waliolipa, na orodha humfikia profesa kabla ya mtihani. Kijana ambaye jina lake halimo huingia chumba cha mtihani akitetemeka. Atathubutu vipi kusimama darasani na kusema kwamba hoja ya ukurasa wa 12 haina ushahidi? Mawazo tofauti hayafi kwa risasi peke yake.

Mitihani isahihishwe bila majina. Orodha za silabi zifutwe. Hesabu za fedha za kila kitivo zibandikwe ukutani, mwanafunzi azisome. Na faili la Mei 1990 lifunguliwe, wazazi waliomzika mtoto, na wale ambao hawakupata hata wa kumzika, waambiwe ukweli wangali hai.

Itaendelea.