Besi yangu fupi, maneno yenu marefu!

Jamani, hapa Kisorya ukitaka kuchekwa, shuka kwenye basi la kutoka Mwanza umekumbatia gitaa la besi. Tena liwe fupi. Masela wa kijiweni pale kwenye kivuko cha kwenda Rugezi walinidaka juu kwa juu: “Oya, hilo umemnunulia mdogo wako?”

Nikauchuna. Hawakujua kuwa ndani ya lile begi kulikuwa na mbuzi wawili wa Mama. Alinipa niwauze, nikalipe ada ya kozi ya ufundi. Kuuza niliuza, ila mshiko uliishia kwa jamaa mmoja Mwanza aliyekuwa na besi iliyotumika, laki mbili na nusu. Mama alipogundua hakunichapa. Alininyima salamu siku 11. Heri angenichapa!

Sasa msomaji wangu, kwa nini fupi? Besi ya kawaida, waya wake una inchi 34 toka juu shingoni mpaka kwenye daraja. Yangu ina 30. Mimi mwenyewe kimo nilinyimwa, na vidole ndiyo usiseme. Kwenye ile ndefu, kufikia freti ya kwanza mkono unalia. Kwenye hii natembea kama niko kwetu.

Wanaodai ni ya watoto wamuulize Paul McCartney wa The Beatles. Alinunua Höfner yake fupi, yenye umbo la fidla, mjini Hamburg mwaka 1961, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Ikaibwa 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana. Nani anatafuta mdoli miaka yote hiyo?

Lakini nisikudanganye. Waya ukiwa mfupi kwa sauti ileile, mkazo unapungua zaidi ya moja ya tano. Ule mnene wa chini ukiupiga kwa hasira unabwabwaja kama mlevi. Dawa yake ni waya mnene zaidi kidogo na mkono wa upole. Ukienda kununua ya mtumba, kagua shingo isiwe imepinda, gonga freti moja moja, zungusha vifungo vyote. Na usije ukaichomeka kwenye redio ya nyumbani ukafungulia mpaka mwisho. Spika inachanika! Ya baba mdogo ilikwenda hivyohivyo. Shii, yaishie hapahapa.

Kwenye dansi, besi ndiyo kiuno. Sikiliza rekodi za Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978: solo linapiga domo, lakini besi ndiyo inayouambia mguu uende wapi.

Mwezi uliopita bendi moja ilikosa mpiga besi kwenye sendofu, Bunda. Nikaitwa. Nyimbo tatu za kwanza nilitetemeka kama nina malaria. Ya nne akina mama wakaingia uwanjani, na hawakutoka tena. Nikalipwa elfu 30.

Nilimpelekea Mama zote. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga.

“Haya baba, huo ni mguu mmoja. Mbuzi wawili wana miguu minane.”

Lakini alinitengea ugali!

Jumamosi navuka maji, kuna harusi Nansio. Kama uko pande hizo, njoo ucheze. Mguu wa pili huo!