Mwenye Chombo Ndiye Mwenye Sauti

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini ngoma haichezwi mpaka awepo wa kuipiga, wala haipigwi mpaka awepo mwenye chombo. Jambo hili latupasa kulikumbuka kila msimu wa korosho, fedha zinapoingia vijijini katika uwanda wa juu wa Makonde, na kijana wa Chilangala, wilayani Newala, anapojiuliza anunue nini. Wako wanunuao redio kubwa. Hatuwalaumu, maana redio ni mali. Hata hivyo redio humfanya mtu kuwa msikilizaji tu. Je, ni lini naye atasikilizwa?

Tazameni vinganga, ngoma ndogo za Wamakonde zenye ncha ichomekwayo ardhini. Kabla ya kupiga, mwenyewe huipapasa ngozi kwa kiganja. Ikiwa imelegea kwa unyevu, huisogeza motoni, huigonga, husikiliza, kisha huirudisha tena mpaka sauti ikubali. Nayo dimbila, yaani marimba yao, ni vipande vya mbao vilazwavyo juu ya magogo ya migomba. Fundi akitaka sauti ya ubao ipande, huuchonga nchani; akitaka ishuke, huupunguza katikati. Hivyo mwenye chombo huijua kila sauti tangu ilikozaliwa.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya kale. Sivyo hata kidogo. Huko Marekani, mwaka 1964, Robert Moog alitengeneza chombo cha muziki kiitwacho sintesaiza ya analogi. Sauti zake hazikuhifadhiwa ndani kama nafaka ghalani, bali huzaliwa papo hapo katika mkondo wa umeme, na mpigaji huzifinyanga kwa kuzungusha vifundo. Chombo kikipata joto, sauti huhama, naye huirekebisha kwa sikio lake, kama vile mpigaji wa vinganga afanyavyo penye moto.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DX7, chombo cha kidijiti ambacho sauti yake haikuhamahama. Wanamuziki wengi wakaviacha vile vya zamani. Lakini hamu haikufa. Mwaka 2013 kampuni ya Korg, nayo ya Japani, ilianza kukitengeneza upya, kwa umbo dogo, chombo chake cha MS-20 kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1978. Si kwamba watu walipungukiwa na sauti, kwani zilikuwa tele. Walichokikosa ni kazi ya mkono na furaha ya kuivumbua sauti wao wenyewe.

Sisi tunalo fundisho letu papa hapa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti katika nta, naye akazichukua nyimbo za wazee wetu mpaka Ujerumani. Mashine ile iliondoka na sauti, lakini haikuweza kuondoka na ufundi, kwa kuwa vyombo na mikono vilibaki. Ufundi ukitoweka, hakuna mashine itakayourudisha.

Kwa hiyo twamshauri kijana wa Chilangala atenge sehemu ya fedha zake, amwendee mzee fundi, achongewe ngoma, na aketi naye mpaka aijue. Mfanyakazi wa mjini naye, akiweza kununua kinanda chenye vifundo, na anunue. Asipoweza, marimba yatosha. Mwenye chombo asikifungie ndani, na mwenye mzee fundi nyumbani asingoje matanga ndipo amsifu. Redio ikiharibika humngoja fundi na kipuri kutoka mjini. Ngoma ikilegea hungoja moto tu, na mtu anayeijua.