Ya kuzingatia unaponunua kibodi ya kimakanika kwa mara ya kwanza

KWA anayekula jasho la vidole vyake, awe karani, mwanahabari au mtafsiri, kibodi ni jembe. Ajabu ni kwamba wengi huchagua simu kwa makini ya wiki nzima, kisha wakaridhika na kibodi yoyote iliyofika mezani.

Kibodi nyingi za bei nafuu huwa na utando wa mpira chini ya vitufe, na sharti kitufe kibonyezwe hadi chini ndipo herufi itokee. Ile ya kimakanika huwa na swichi kwa kila kitufe, yenye springi na vipande vya chuma vinavyogusana kabla kitufe hakijafika mwisho. Bei yake ni ya juu, na kosa dogo humwachia mnunuzi mali asiyoweza kuitumia.

Swichi zilizoenea zaidi ni za muundo wa MX, uliobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Siku hizi kampuni nyingine, zikiwemo Gateron na Kailh za Uchina, huunda swichi za umbo hilo, na nyingi zimefuata desturi ya Cherry ya kuzitambulisha kwa rangi.

Swichi nyekundu hushuka moja kwa moja bila kizuizi. Ile ya Cherry huhitaji uzito wa takriban gramu 45, na herufi hutokea ikishashuka milimita 2 kati ya 4. Aliyejifunzia taipureta huenda akaiona nyepesi kupindukia, kwani kidole kikipumzika tu juu ya kitufe, herufi isiyotakikana imeshaandikwa. Ya hudhurungi, ya takriban gramu 55, ina kinundu kinachokiarifu kidole kwamba herufi imepokelewa, ingawa ni hafifu kiasi kwamba wapo wasiokihisi kabisa. Ya samawati ina kinundu kilicho wazi na mlio mkali. Wanaoipenda huipenda mno, lakini katika ofisi yenye meza zilizobanana, au chumba ambamo mtoto amelala, ni ugomvi mtupu.

Kwa kuwa mkono hauwezi kuamua kwa picha, salama ya mgeni ni kibodi ambayo swichi zake huchomolewa na kupachikwa bila kulehemu. Akikosea, atabadilisha swichi pekee. Achunguze tu iwapo tundu zake ni za swichi za miguu mitatu au mitano.

Kuhusu kofia za vitufe, ambazo ndizo hubeba herufi, rangi ndizo huwaponza wengi. Plastiki ya ABS huanza kung'aa na kuteleza baada ya muda wa kuchapa. Ya PBT hustahimili zaidi. Isitoshe, herufi zilizochapishwa juu juu hufutika, ilhali zile zilizoundwa kwa plastiki ya pili iliyopenyezwa ndani ya kofia hazifutiki.

Hasara kubwa, hata hivyo, hutokana na vipimo. Katika mpangilio wa Marekani, kitufe cha Enter ni kipana na kifupi. Katika ule wa Uingereza ni kirefu cha kwenda juu, na Shift ya kushoto imefupishwa. Seti ya mmoja haitoshelezi mwingine. Kitufe cha nafasi nacho, katika kibodi nyingi, huchukua upana wa vitufe 6.25 vya herufi, yaani karibu milimita 119, lakini baadhi ya watengenezaji hutumia vipimo vyao wenyewe. Rula ya shule yatosha kulibaini hilo kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Wakati wa kubadilisha, kofia ivutwe wima kwa kishikio cha waya, wala si kwa kisu. Swichi nayo ikaguliwe miguu yake miwili ya chuma kabla ya kupachikwa: mmoja ukijikunja, herufi haitaandikika, na mwenyewe atadhani ameuziwa swichi mbovu.