Babu Ameacha Sigara, Mbona Kifua Hakimwachi?

Babu yangu alizaliwa Darakasi, katika pwani ya Wabajuni kusini ya Kismayuu. Ujanani kazi yake ilikuwa kuzamia kamba mawe, na wazee wenziwe husema kwamba akizama, waliobaki mashuani walianza kumwombea dua kabla hajaibuka. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 alipanda mashua pamoja na jamaa zake wakaja Mombasa, kama Wabajuni wengi. Leo mtu huyo huyo hawezi kwenda msikitini, nao uko mtaa wa pili tu, bila ya kusimama mara tatu akashika ukuta.

Alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 15. Miaka sita iliyopita daktari alimwambia kuwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa, naye akaacha siku ile ile. Likizo iliyopita aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe wasoma elimu ya viumbe. Sigara nimeiacha. Mbona yenyewe haijaniacha?" Nilinyamaza kwa haya, maana sikujua. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wasomaji wenzangu, wengi wetu hudhani kuwa moshi wenyewe hula mapafu kama kutu ilavyo chuma. Moshi una madhara yake, sikatai, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na askari wetu wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa zaidi ya milioni 300. Humo hukaa chembe ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kufagia: humeza vumbi na vijidudu. Moshi wa sigara ukiingia kila siku, chembe hizi huongezeka mara kadhaa kuliko za mtu asiyevuta, tena hutoa kemikali za kuwaita wenzao, kama mtu apigaye mbiu. Wa kwanza kuitikia ni nyutrofili. Askari hawa hubeba kimeng'enya kiitwacho elastesi, ambacho huwasaidia kuua bakteria. Lakini moshi si bakteria, haufi kwa elastesi. Basi kimeng'enya hicho hukata kilicho karibu, nacho ni elastini, nyuzi zinazolifanya pafu livutike na kurudi kama mpira wa manati. Nyuzi zikikatika, kuta za vifuko hutoboka, viwili vikawa kimoja, na pafu hulegea. Hewa huingia, kutoka ndiyo kazi. Ndiyo maana babu hutoa pumzi kwa kubana midomo kama mtu apulizaye makaa.

Kizuizi kipo. Ini hutengeneza protini inayoifunga elastesi isipite kiasi, jina lake alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963, huko Sweden, Laurell na Eriksson walieleza habari za watu waliopungukiwa na protini hiyo, ambao baadhi yao mapafu yao yaliharibika mapema mno. Moshi wa sigara huidhoofisha protini hii hata kwa mtu aliyezaliwa nayo kamili. Huu ni ufitini kweli: moshi huwachokoza askari, na papo hapo humfunga mikono yule awazuiaye.

Sasa swali la babu. Wataalamu wamekuta kwamba kwa wagonjwa wengi askari hawarudi kambini hata miaka baada ya sigara kuachwa. Limfosaiti nazo hujikusanya katika kuta za njia za hewa, hasa zile za aina ya CD8, ambazo kazi yake ni kuua chembe za mwili zilizoingiwa na virusi. Makrofaji za mgonjwa, ingawa ni nyingi, humeza bakteria kwa uvivu. Bakteria wakibaki, askari wengine huitwa. Na elastini iliyokatika, mwili wa mtu mzima hauwezi kuisuka tena ikawa kama ya kwanza.

Nilipomweleza babu haya aliguna, akasema, "Basi nimejinyima bure?"

La, hakujinyima bure. Mwaka 1977 Fletcher na Peto, waliowafuatilia wafanyakazi wa kiume wa London kwa miaka minane, walionyesha kuwa aachaye sigara harudishiwi pumzi aliyoipoteza, lakini kuanzia hapo pumzi yake hupungua polepole, karibu sawa na ya mtu asiyevuta.

Babu akatazama jikoni. Bibi hajavuta sigara maisha yake, naye hukohoa kila alfajiri. Nikamwambia kuwa moshi wa kuni nao huwaita askari wale wale. Katika wilaya ya Masindi, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta watu kama 16 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 wana ugonjwa huu, wanawake sawa na wanaume, na karibu wote waliishi na moshi wa kuni.

Hakunijibu neno. Kesho yake mafiga ya bibi yalikuwa uani. Babu ndiye aliyeyahamisha, moja moja, akikaa kitako baada ya kila moja.