Anachana mistari, wanamcheka

Leo tunaanzia Bariadi, mkoani Simiyu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu anaandika mistari ya rap nyuma ya daftari la Jiografia. Kila akichana darasani, wavulana wanaangua kicheko. Eti Kisukuma kimemkaa mdomoni, kila r anaigeuza l! Akirudi nyumbani, kaka yake anamwambia rap ni ya wahuni. Sasa anauliza: je, msichana kama yeye anaweza kweli kutoa albamu?

Anaweza. Hapa Tanzania akina Zay B na Sister P walishika maiki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wengi wakidhani kurap ni kazi ya wanaume tu. Lakini kwa swali hili, tumtazame zaidi Mkenya mmoja ambaye naye alikulia mahali alipoonekana wa tofauti.

Anaitwa Stella Mwangi, au STL. Alizaliwa Kenya mwaka 1986. Mwaka 1991 familia yake ilihamia Norway, kule kaskazini mwa Ulaya kwenye theluji, wakakaa Eidsvoll. Walikutana na ubaguzi. Jaribu kufikiria: wewe ni mtoto mdogo, ngozi yako si kama ya wenzako, lugha yao huijui. Stella akaandika. Ubaguzi ule, pamoja na hali ya maisha ya Kenya, akaviingiza kwenye mistari. Mwaka 2008 ndipo ilipotoka albamu yake ya kwanza ya hip hop, Living for Music, yaani kuishi kwa ajili ya muziki. Piga hesabu: tangu kuhamia Norway hadi albamu ni miaka 17.

Mwaka 2011 aliiwakilisha Norway kwenye mashindano ya Eurovision, Ujerumani, kwa wimbo uitwao Haba Haba. Kiitikio chake kilikuwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwahi kusikika kwenye wimbo wa mashindano hayo. Fainali hakufika. Lakini Wazungu kibao waliimba naye Kiswahili, jamani!

Turudi kwenye kicheko cha darasani. Usidhani ni utani mdogo. Mtu anayechekwa kila siku anaweza kukosa usingizi, akaanza kujitenga, hata kunyoosha mkono darasani akaogopa. Kuandika kunasaidia kwa sababu jambo linalozunguka kichwani linapata maneno, na ukishalipa maneno unaweza kulitazama, hata kumweleza mtu. Si dawa ya kila kitu. Ukiona huzuni haiishi wiki baada ya wiki, mwone mwalimu wa malezi au mtu mzima unayemwamini.

Na huyo kaka anayesema rap si mila yetu, mwulize kuhusu Bagika na Bagalu. Wasukuma wana vyama hivyo vya ngoma tangu karne ya 19. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju anatunga, anajisifu, anampiga vijembe mpinzani. Hiyo si hip hop? Hata ile l ni mali, bwana. Kwake yeye "kura" na "kula" vinatoa kina kimoja. Watu wa Dar watampatia wapi!

Sasa, albamu yenyewe. Ni nyimbo kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi, zinazokaa pamoja kama sura za kitabu. Unaanza na mistari, kisha mdundo, halafu studio: kurekodi sauti, kuchanganya, kusafisha. Studio inataka hela, kwa hiyo wengi huanza na wimbo mmoja. Mistari haidai hela, na ndiyo inayochukua miaka.

Hapa tuseme wazi. Wapo watu watakaokuambia, "Nitakurekodi bure, njoo usiku peke yako." Hiyo bure ina bei. Nenda mchana, nenda na mzazi, dada au rafiki, na usisaini karatasi ambayo mtu mzima wako hajaisoma. Mtu mwenye mamlaka akitaka mwili wako ndipo akupe huduma, hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113. Kama una umri chini ya miaka 18, ipo pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, 116, ambayo ni bure. Kosa si lako, hata kama ulishaenda.

Kazi zako unaweza kuzisajili COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki. Kwa leo, mwenzetu wa Bariadi, hamisha ile mistari kutoka kwenye daftari la Jiografia kabla mwalimu hajalikusanya. Tafuta daftari lake peke yake, na kila ukurasa andika jina lako na tarehe.