Mchanga wa Bagamoyo na makosa ya kompyuta za kwantamu

Chota mchanga wa ufukweni Bagamoyo, upande wa mlango wa mto Ruvu, uumwage kiganjani. Zile chembe zinazopitisha mwanga ni kwatzi, iliyosafirishwa na maji kutoka bara. Ndani yake mna silikoni, na katika kila atomi 100 za silikoni hiyo, karibu 5 ni za aina iitwayo silikoni-29.

Kwenye chipu za simu yako atomi hizo hazina madhara. Kwenye kompyuta ya kwantamu ni balaa. Wazo mojawapo la kuijenga, lililotolewa na wanafizikia Daniel Loss na David DiVincenzo mwaka 1998, ni kunasa elektroni mojamoja ndani ya vinukta vya semikondakta vyenye upana wa makumi ya nanomita. Elektroni ina usumaku mdogo, na mwelekeo wa usumaku huo ndio unaobeba taarifa; elektroni inayotumika hivyo huitwa kyubiti. Kiini cha silikoni-29 nacho kina usumaku. Kikigeuka, kinaipotosha elektroni na hesabu inaharibika. Aina nyingine, silikoni-28, haina tatizo hilo.

Kuzitenganisha si sawa na kuchagua mawe kwenye mchele. Kikemia hazitofautiani, ila uzito kidogo tu, hivyo gesi yenye silikoni huzungushwa mashineni kwa kasi kubwa mno. Watafiti wa Delft, Uholanzi, walitumia silikoni iliyobakiwa na atomi 8 za silikoni-29 katika kila 10,000. Januari 2022 walitangaza usahihi wa asilimia 99.65 katika hatua zinazohusisha kyubiti mbili. Ni makosa 35 katika hatua 10,000: bado mengi, maana hesabu za maana zinataka mamilioni ya hatua. Lakini ukivuka takriban asilimia 99, inawezekana kutawanya taarifa moja kwenye kyubiti nyingi ili kosa ligunduliwe na kurekebishwa.

Hata silikoni safi ina kelele. Elektroni hunaswa na kuachiwa kwenye tabaka la oksidi lililo juu yake, na kila mara kinukta kinayumba kidogo. Baridi kali husaidia, na majokofu yake yanategemea heliamu.

Hapo ndipo Tanzania inapoingia, wala si kwa mchanga, kwani viwanda vya chipu vina kwatzi safi zaidi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Tatizo ni kwamba baridi ya chini kabisa huhitaji pia heliamu-3, aina adimu ya heliamu ambayo hupatikana hasa tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) inapooza, na sehemu kubwa ya tritiamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia.