Taya Lisilosubiri

Mtoto anavimba taya, meno ya nyuma yanalegea, mzazi anampeleka kung'olewa jino. Jino linatoka, uvimbe unazidi. Kwetu, kuanzia kandokando ya Ziwa Victoria hadi pwani, kote ambako malaria haina likizo, meno ya mtoto yanayolegea hivyo yangepaswa kumkumbusha tabibu limfoma ya Burkitt kabla hajashika koleo.

Hii ni saratani ya seli B, askari wa damu wanaotengeneza kingamwili. Ili kumpata adui mpya, seli B hukata jeni zake yenyewe na kuziunga upya, kwa makusudi kabisa. Malaria ya kila mara huilazimisha kufanya kazi hiyo bila kupumzika, huku virusi vya Epstein-Barr vikizisaidia seli zilizoharibika zisife. Kisha kiungo kimoja kinakosewa. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike, kinahamia kromosomu ya 14, ubavuni mwa jeni za kingamwili. Ndani ya seli B, jeni hizo huwa kazini muda wote. Basi na MYC haizimiki tena. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi unaonekana. Ramani yao ya ugonjwa ikafuata joto na mvua.

Linaloniudhi ni watu kusikia "saratani" na kuanza matanga. Kasi ileile ya kugawanyika ndiyo inayoziweka seli hizi wazi mbele ya dawa: uvimbe hunywea ndani ya siku chache, hata mgonjwa huhitaji maji mengi ya mishipa ili mabaki ya seli yasizibe figo. Katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi hupona. Wetu tunawapoteza kwa majibu ya kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa, yanayokaa wiki kadhaa maabara, na kwa nauli inayokwisha kabla ya dozi.

Na bado ugonjwa huu uliifaa dunia: virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, vilivyoonekana London mwaka 1964 katika seli zilizotoka Uganda, ushahidi wa mapema kwamba dawa pekee huponya saratani, utafiti wa MYC, fununu kuhusu limfoma ya Hodgkin, saratani ya nyuma ya pua, baadhi ya zile za tumbo.